Tufundishe kwa virusi halisi, lakini kwa karatasi iliyotiwa sahihi

Kila ofisi ya kliaringi, ya kutoa mizigo bandarini, iliyo kando ya Barabara ya Moi hapa Mombasa, kuanzia penye Pembe za Ndovu hadi kuelekea Kilindini, yaijua barua pepe hii. Kichwa chake ni taarifa ya meli kuwasili, au hati ya shehena, au ankara iliyorekebishwa. Jina la mtumaji lakaribiana mno na la kampuni ya meli inayofahamika. Ndani mna salamu fupi ya kiofisi, nambari ya kontena, na faili moja iliyobanwa. Ukiitazama faili hiyo pasi na kuiruhusu ifanye kazi, utaona jina lake linaishia kwa pdf, halafu zinafuata nafasi tupu nyingi, halafu mbali kulia, ambako dirisha halifiki, zipo herufi tatu: exe, alama ya programu, si ya hati. Ile alama nyekundu ya pdf ameibandika mwenyewe aliyeiunda. Karani ambaye mteja yuko mlangoni na gharama za kontena bandarini zinapanda kila kukicha hana nafasi ya kuvuta dirisha mpaka mwisho. Anabonyeza.

Miongoni mwa programu hasidi zinazosafirishwa kwa mtindo huu ni ile iitwayo Agent Tesla, inayojulikana tangu 2014. Hunasa kila kitufe kinachobonyezwa, hukwangua nywila zilizohifadhiwa kwenye kivinjari, kisha huzituma nje, mara nyingi kwa barua pepe ya kawaida tu. Haizimi mashine wala haidai fidia. Inakaa kimya. Mwizi anasoma mawasiliano ya ofisi kwa majuma, anajua mzigo gani unakwenda Kampala na upi Kigali, na siku ya malipo mteja anapokea ankara iliyo sahihi kila kitu isipokuwa nambari ya akaunti ya benki.

Sasa nauliza: faili ile ikishatambuliwa, ni nani katika mji huu awezaye kuipasua na kumwambia mwenye ofisi imechukua nini na imepeleka wapi? Mombasa ndiko kebo za intaneti za chini ya bahari, TEAMS na SEACOM, zilikotua 2009, na EASSy ikaanza kazi 2010. Kuna Chuo Kikuu cha Kiufundi pale Tudor, kuna kituo cha vijana cha Swahilipot karibu na Fort Jesus, kuna vyuo vya kompyuta ghorofani kila mtaa. Kozi za usalama wa mitandao zimejaa. Lakini wahitimu wengi ninaokutana nao wamekiona kirusi kwenye slaidi tu. Wanaweza kueleza tofauti ya mnyoo, programu inayojisambaza yenyewe, na farasi wa Troya, programu inayojifanya njema, kama mtihani unavyotaka. Ukiwapa faili yenyewe, hawajui waishike wapi.

Msimamo wangu nauweka mapema. Wanafunzi wa usalama wa mitandao wafundishwe kwa programu hasidi halisi, zilizo hai, kwa mikono yao wenyewe. Na chuo kisichokuwa tayari kulibeba jukumu hilo kwa maandishi kisilianze. Kwangu sharti hilo la pili ni zito kuliko la kwanza, kwa sababu hapa kwetu ndilo linaloachwa.

Anayedhani hili ni jambo la makarani wawili watatu na akumbuke tarehe 27 Juni 2017. Siku hiyo programu iliyokuja kuitwa NotPetya ilitoka Ukraine, kupitia sasisho la programu ya uhasibu inayotumiwa sana huko, ikaingia katika mtandao wa kampuni ya meli ya Maersk na kuzifuta kompyuta zake dunia nzima. Malori yakapiga foleni milangoni mwa vituo vya makontena, hakuna anayejua ndani mna nini. Kampuni ililazimika kuweka upya seva 4,000 na kompyuta 45,000 kwa muda wa siku 10, na hasara ikakadiriwa kati ya dola milioni 250 na milioni 300. Nakala moja ya kumbukumbu muhimu za mtandao wao ilisalimika katika ofisi ya Ghana, kwa sababu umeme ulikuwa umepotea na seva ile haikuwa hewani. Bandari yetu inalisha Uganda, Rwanda, Sudan Kusini na mashariki ya Kongo. Siku likitufika la namna hiyo, hatutakuwa na nafasi ya kungoja mtaalamu apande ndege.

Mzozo kuhusu kufundisha virusi una umri wa kutosha. Mwaka 2003 Chuo Kikuu cha Calgary, Kanada, kilianzisha kozi ambayo wanafunzi wangeandika virusi wao wenyewe, chini ya mhadhiri John Aycock. Kampuni za antivirusi zilikuja juu. Zikasema mlinzi hana haja ya kujifunza kuvunja nyumba ili ajue kufunga mlango, na kwamba dunia tayari ina virusi vya kutosha. Chuo kilijibu kwa kujenga maabara iliyofungwa, isiyounganishwa na mtandao wowote wa nje, na kozi ikaendelea. Miaka michache baadaye George Ledin alifanya jambo kama hilo katika Chuo cha Sonoma, California, na baadhi ya kampuni za usalama zikaapa kutowaajiri wanafunzi wake.

Hoja ya kampuni zile ilikuwa na ukweli ndani yake, nami nitaurudia. Ila kuna jambo ambalo hazikulitamka: zenyewe zilikuwa na maghala ya virusi, na wafanyakazi wao walivipasua kila siku. Elimu ile haikuwa haramu. Ilikuwa imefungiwa kwao. Na sisi tulio mbali na maghala hayo ndio tunaoumia zaidi mlango unapofungwa, maana programu zinazolenga mawakala wa forodha wa Mombasa hazimnyimi usingizi mtu aliye Calgary.

Watetezi wa marufuku hupenda kutaja wanafunzi waliogeuka wahalifu. Haya, tuwatazame.

Novemba 1983, Fred Cohen, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Southern California, aliandika kirusi kwa ajili ya semina ya darasa. Aliomba ruhusa kwanza. Jaribio lilifanywa kwenye mashine moja iliyotajwa, kwa muda uliopangwa, na kila hatua ikaandikwa. Katika kila jaribio kirusi chake kilijipatia mamlaka yote ya mfumo kabla saa moja kwisha. Wasimamizi wa kompyuta waliposikia matokeo walikataza majaribio yasiendelee. Hata hivyo aliyoyapata ndiyo yaliyoweka msingi wa somo lote hili. Maandishi yake ya 1984 bado yanasomwa.

Tarehe 2 Novemba 1988, Robert Tappan Morris, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Cornell, aliachilia mnyoo kutoka kwenye kompyuta ya chuo kingine, MIT, ili usijulikane ulikotoka. Hakuwa na nia ya kuharibu kitu. Alitaka mnyoo uulize kila mashine kama tayari upo ndani, na ukijibiwa ndiyo, uondoke. Kisha akahofia kwamba wasimamizi wangezifundisha mashine zao kujibu ndiyo kwa uongo, basi akaamuru kwamba mara 1 katika kila mara 7 mnyoo ujinakili hata ukijibiwa hivyo. Hapo ndipo kila kitu kilipoharibika. Mashine zilijaa nakala juu ya nakala mpaka zikakwama. Makadirio ya wakati ule yalikuwa kompyuta 6,000, karibu sehemu moja ya kumi ya mtandao mzima. Mahakama ilimpa kifungo cha nje cha miaka mitatu, saa 400 za kuitumikia jamii, na faini ya dola 10,050. Ile hesabu ya 1 kwa 7 mwalimu yeyote mwenye akili timamu angeigutukia kabla ya chai ya saa nne. Hapakuwa na mwalimu aliyeiona.

Tarehe 4 Mei 2000 ikawa zamu ya Manila. Onel de Guzman alikuwa mwanafunzi wa chuo cha kompyuta, na aliwahi kupeleka pendekezo la utafiti wa programu ya kuchukua nywila za watu ili maskini waingie mtandaoni bure. Chuo kilikataa, na mmoja wa wasomaji akaandika kwamba wao hawazalishi wezi. Walikuwa na haki ya kukataa. Lakini baada ya kukataa, kwa yote yaliyokuja kuandikwa, hakuna aliyemketisha kijana yule akamwambia: kipaji chako nimekiona, njoo tukipeleke huku. Akaondoka na msimbo wake. Ukawa mnyoo wa barua pepe ulioitwa ILOVEYOU, ukaingia mamilioni ya kompyuta. Na kwa kuwa Ufilipino haikuwa na sheria ya makosa hayo siku ile, mashtaka yakaanguka; bunge lao likapitisha sheria wiki chache baada ya maji kumwagika.

Watatu hao wote walikuwa na kipaji na udadisi. Aliyetoka salama ni yule aliyekuwa ndani ya darasa, mbele ya mwalimu, na ruhusa mkononi. Kwa hiyo mtu akiniambia tuwanyime vijana somo hili ili wasiharibike, namwona anawarudisha kwenye njia ya wale wawili. Tena leo hawahitaji hata kuandika. Makundi ya Telegram yanagawa programu hizi bure, na vijana wetu wamo humo. Kila mwalimu wa kompyuta anajua na wengi wananyamaza.

Sasa nije kwenye sheria, maana hapa ndipo penye kiini.

Sheria yetu ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Makosa ya Mtandao ya 2018 inasema katika kifungu cha 18 kwamba anayetengeneza, kuuza, kuingiza nchini au kusambaza, kwa kujua, programu iliyoundwa hasa kwa ajili ya kutenda kosa, adhabu yake yaweza kufika shilingi milioni 20 au kifungo cha miaka 10, au vyote viwili. Anayekutwa nayo tu, kwa kujua na bila ya sababu ya kutosha, aweza kutozwa hadi milioni 10 au kufungwa hadi miaka mitano, au vyote viwili. Kuwa nayo tu! Mwanafunzi mwenye sampuli kumi za programu hizo za kufanyia mazoezi kwenye laptopu yake, mbele ya kifungu hicho, ni mtu anayetakiwa kujieleza.

Lakini kifungu kicho hicho kinafungua mlango. Kinasema si kosa ikiwa tendo limekusudiwa kwa mafunzo, majaribio au ulinzi wa mfumo wa kompyuta, yaliyoidhinishwa. Mkataba wa Budapest wa 2001 kuhusu makosa ya mtandao, ambao nchi nyingi zimeufuata katika sheria za aina hii, unataja majaribio na ulinzi ulioidhinishwa, mafunzo hauyataji. Wabunge wetu, au walioandika mswada, waliliongeza neno hilo. Nawashukuru kwa dhati. Walifikiria darasa.

Kilichobaki wazi ni nani atoaye idhini. Kifungu hakimtaji. Je, ni mwalimu anayesema kwa mdomo, "leo tutafungua hii"? Ni mkuu wa idara? Ni seneti ya chuo? Na chuo cha ghorofani chenye vyumba viwili na cheti cha usajili ukutani, nani wake? Palipo na ukimya namna hii, idhini inakuwa kitu cha kudaiwa baadaye, mbele ya hakimu, na anayedai ni mwanafunzi. Mwalimu atasema hakumwambia azichukue nyumbani. Chuo kitasema kozi haikuwa na kipengele hicho kwenye mtaala. Kijana atabaki peke yake na laptopu yake.

Hofu hii haikutoka hewani. Tunajua jinsi askari wanavyowatazama vijana wa Majengo, wa Kisauni, wa Likoni. Kijana akisimamishwa usiku akitoka darasani, na begini mna laptopu, na ndani ya laptopu mna folda iliyoandikwa virusi, ataanza kueleza mashine pepe (kompyuta iliyoigizwa ndani ya kompyuta) na maabara kwa nani? Mwenzake wa mtaa wa kitajiri atapiga simu kwa baba. Yeye atapelekwa kituoni. Ndiyo maana nasisitiza karatasi. Wengine watauona urasimu mtupu. Mimi naona kwamba mafunzo yasiyo na barua ni mafunzo ambayo hatari yake imetupwa yote juu ya asiye na mtu wa kumpigia simu.

Kuna wanaopendekeza cheti cha polisi cha mwenendo mwema kwa kila anayejiunga. Sikubaliani nalo. Cheti kile kinaeleza ya nyuma, na kinamchuja masikini aliyewahi kukamatwa kwa kuzurura. Hakisemi lolote juu ya atakachofanya mtu mwezi ujao akiwa na njaa na nywila za watu.

Basi na maabara yenyewe. Pale Watamu, katika kituo cha nyoka cha Bio-Ken, watu wanashika nyoka wenye sumu hai, na hakuna anayewaambia wajifunze kwa picha. Nautumia mfano huu kwa sababu ya mahali unapokatikia: nyoka akitoroka ni nyoka mmoja. Sampuli ikitoroka ni nyingi kadiri ya mashine zilizo mbele yake, na haichoki. Kwa hiyo masharti yetu hayana budi kuwa makali kuliko yao.

Nieleze kinachotokea kwa kawaida. Mwalimu anataka kuonyesha WannaCry, ile programu ya kufunga faili na kudai fidia iliyoitikisa dunia tarehe 12 Mei 2017. Anaweka mashine pepe ndani ya kompyuta ya maabara, anaingiza sampuli kwa flashi. Ili wanafunzi waweze kupakua zana, ile mashine pepe ameiunganisha moja kwa moja na mtandao wa chuo, kama kompyuta nyingine yoyote. Anaifungua siku intaneti ya chuo imekatika, kwa hiyo haiifikii ile anwani ya nje ambayo ikiipata hujizima. Skrini inageuka nyekundu, darasa linashangilia. Wakati huo mnyoo ulio ndani yake hauna habari na skrini. Unagonga mlango wa 445, ule ambao Windows hupitishia faili za pamoja, wa kila mashine unayoiona, ukitafuta Windows ambayo haikuwekewa kiraka alichotoa Microsoft tarehe 14 Machi 2017. Na ofisi ya karani wa masomo, ghorofa ya chini, ina Windows 7 ya kunakiliwa isiyosasishwa tangu iwekwe. Hapo ndipo zilipo alama za wanafunzi, na nambari za vitambulisho vya wazazi.

Kuzuia hilo hakuhitaji mamilioni. Kunahitaji kompyuta chache zilizowekwa kando, bila waya wa mtandao na bila Wi-Fi, zisizotumiwa kwa kazi nyingine kabisa. Mashine pepe iwekwe kwenye mtandao wa ndani tu, usio na njia ya kutoka. Iwepo programu ya kuiga intaneti, kama INetSim, ili sampuli idhani imefika nje na ijieleze yenyewe, kila anwani inayoitafuta ionekane. Hali safi ya mashine ihifadhiwe kabla ya kufungua, irudishwe baada ya kila somo. Folda za pamoja na ubao wa kunakilia vizimwe, kwa sababu makosa mengi hupitia huko. Sampuli zikae zimebanwa na kufungwa kwa nywila, kwa desturi ya wataalamu wenyewe, ambao hutumia neno infected ili mtu asizifungue kwa bahati mbaya. Zana zote hizo ni bure. Hata Ghidra, ya kuchambulia msimbo, ilitolewa bure na shirika la kijasusi la Marekani mwaka 2019. Na wanaoanza waanze na faili ya EICAR, herufi 68 zisizo na madhara ambazo antivirusi zimekubaliana kuzipigia kelele. Asiyeweza kuitunza EICAR kwa utaratibu asipewe kingine.

Kuna jambo lingine ambalo wengi hawalifikirii kabisa. Sampuli nyingi hutoka kwa aliyeathirika. Ile faili ya karani wa kliaringi, ukiipata pamoja na barua iliyoibeba, ina jina lake, la mteja wake, nambari za mizigo. Ukiifuatilia Agent Tesla mpaka kwenye sanduku la barua inakotuma, utakuta nywila za watu halisi. Je, mwanafunzi aingie humo kutazama? Nasema hapana, hata kwa udadisi, hata kama mlango uko wazi na anwani na nywila ya mwizi vimeandikwa ndani ya msimbo wenyewe. Kuingia ni kuingia. Anachopaswa kufanya ni kuandika ripoti, mwalimu aipeleke kwa kituo cha taifa cha kushughulikia matukio ya mtandao kilicho chini ya Mamlaka ya Mawasiliano. Vivyo hivyo kurusha kila faili kwenye VirusTotal, tovuti ya kupimia faili kwa antivirusi nyingi: inawafaa wengi, lakini unachokipandisha huko kinaweza kupakuliwa na wateja wake wanaolipia. Ukipandisha hati ya mteja ukidhani ni kirusi, umeimwaga. Tunayo Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na haisemi kwamba darasani haifanyi kazi.

Na lililo baya kupita yote: kuna walimu wanaowapa wanafunzi kazi ya nyumbani ya kujaribu kwa watu. Mtumie dada yako kiungo hiki uone kama atabonyeza. Jaribu Wi-Fi ya mkahawa fulani. Nimesikia haya kutoka kwa wanafunzi wa zaidi ya chuo kimoja, na siwezi kuyazungumza kwa upole. Mama wa kijana, anayeuza viazi karai Mwembe Tayari na kuweka akiba yake yote kwenye simu, hakuwahi kukubali kuwa kifaa cha maabara. Idhini ya chuo haimhusu. Mwalimu anayefundisha hivyo anamzoeza mwanafunzi kuwaona watu kama mashine zisizowekewa viraka, na zoea hilo halitoki.

Lililobaki ni lile ambalo kampuni za antivirusi zilikuwa na haki nalo nusu: kuandika. Je, mwanafunzi aandike kirusi chake mwenyewe?

Utku Sen, mtaalamu wa Uturuki, aliweka hadharani mwaka 2015 programu ya kufunga faili na kudai fidia, iitwayo Hidden Tear, akaandika kwamba ni kwa madhumuni ya elimu. Alikuwa ameacha kasoro makusudi ndani yake ili wahalifu wakiitumia waathirika waweze kuokolewa. Wahalifu waliichukua. Kisha ikaja ya pili, EDA2, ambayo njia ya kuingilia aliificha kwenye seva ya kuongozea. Wahalifu wakaiweka seva hiyo kwa kampuni ya kuhifadhi tovuti bure, kampuni ikaifuta akaunti yao, naye akawa hana tena njia ya kuzifikia funguo za kuwaokoa waathirika. Mapema 2016 aliuondoa msimbo wake. Mfaransa Benjamin Delpy naye aliandika Mimikatz akijifunza lugha ya C na kutaka kuionyesha Microsoft udhaifu wa namna Windows inavyotunza nywila. Ilitoka 2011. Miaka sita baadaye mbinu yake ilikuwa ndani ya NotPetya.

Kwa hiyo naigawa kazi hivi. Kupasua sampuli iliyopo: ndiyo, kwa kila mwanafunzi wa usalama, mpaka ajue. Kuandika kipande kidogo kinachoonyesha mbinu moja, mathalani jinsi programu inavyojiweka ianze kila kompyuta inapowashwa, ndani ya maabara, kisha kukifuta mbele ya mwalimu: ndiyo, kwa waliofika mwaka wa mwisho. Kuandika programu kamili inayofunga faili za watu: hapana. Sijaona inamfundisha mtu kitu ambacho kupasua hakukumfundisha, ila inampa kitu cha kujionyesha, na kijana wa miaka ishirini mwenye kitu cha kujionyesha atakionyesha. Kuweka chochote hadharani: hapana kabisa, hata ukiandika neno elimu kwa herufi kubwa.

Najua jibu litakalokuja: Marcus Hutchins. Kijana wa Uingereza aliyeizuia WannaCry kwa kusajili anwani moja aliyoiona ndani ya msimbo wake, kisha Agosti mwaka ule ule akakamatwa Marekani kwa programu ya kuibia benki aliyoiandika alipokuwa mdogo. Alikiri mwaka 2019, na jaji hakumfunga zaidi ya muda aliokwisha kuukaa. Watu husema, mnaona, bila ya kuandika asingejua kuzuia. Mimi naona kingine. Anwani ile aliipata kwa kupasua na kutazama, kazi ya mchambuzi. Na ile miaka ya ujana wake aliipitisha mtandaoni na wanunuzi wa programu hasidi, wasiojali umri wake, kwa sababu hao ndio waliokuwa tayari kumpa kazi. Nataka hapa Mombasa awepo mtu mwingine wa kumpokea kijana kama yule kabla yao.

Kwa vitendo, nataka barua. Barua moja ya ukurasa mmoja, yenye nembo ya chuo, inayotaja kozi, maabara, sampuli zinazoruhusiwa, mwalimu anayewajibika, na kwamba mafunzo haya yameidhinishwa kwa mujibu wa kifungu cha 18. Kila mwanafunzi apewe nakala yenye jina lake. Iseme wazi kwamba sampuli hazitoki maabarani, ili asiwepo wa kuzibeba usiku. Mwalimu atie sahihi, mkuu wa idara atie sahihi, na kwa vyuo vidogo, mmiliki mwenyewe. Mamlaka ya Mawasiliano ingetoa mfano wa barua hiyo kwa nchi nzima tungeshukuru, lakini hatuna sababu ya kuisubiri.

Na wale ambao tayari wana sampuli kwenye laptopu zao, ambao ni wengi kuliko vyuo vinavyotaka kukubali, waitwe kwa jina la wanafunzi, si la washukiwa. Wazilete, zisajiliwe, zihamishiwe maabara, zifutwe kwenye mashine zao mbele yao, pasi na adhabu kwa atakayekuja mwenyewe. Muhula mpya ni Septemba. Idara inayotaka kuanza ina muda wa kutosha kuiandika barua hiyo, na ikiwa mkuu wa idara atakataa kuitia sahihi, basi mwalimu asiifungue sampuli hata moja.